Majira yakibadilika, nyumba ya kupanga nayo ibadilike

Dar es Salaam. Saa nane usiku katikati ya Februari, mtoto wa miaka minne ameshuka kitandani na kulala kwenye sakafu ya vigae. Neti imebaki ikining'inia juu ya godoro tupu. Umeme umekatika, feni imesimama, na mama yake anampepea kwa daftari la shule la kaka yake. Asubuhi mtoto anaamka na alama za mbu mikononi na mapajani, amenuna, chai haitaki.

Nyumba hiyo ni ya kupanga, vyumba viwili na sebule, ghorofa ya pili eneo la Tabata. Hadithi ya familia inayoishi humo inafanana na ya wapangaji wengi wa jijini. Waliingia mtoto wao wa kwanza akiwa chekechea, wakiamini watakaa mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa walikuwa na kiwanja Chanika na msingi ulikuwa umeshajengwa. Sasa mtoto huyo yuko darasa la tano. Nyumba ya Chanika imefika kwenye lenta.

Chini ya kitanda cha wazazi kuna sanduku. Ndani yake kuna mapazia mapya, mashuka ya pamba na vitambaa vya makochi alivyovifuma bibi yao watoto. Pembeni umeviringishwa mkeka mkubwa wa ukili. Vyote vinaisubiri "nyumba yetu". Wakati huohuo, kwenye dirisha la chumba cha watoto limening'inia pazia zito la rangi ya kahawia lililoachwa na mpangaji aliyetangulia. Halijawahi kubadilishwa, iwe kiangazi au masika.

Hapo ndipo wapangaji wengi wenye watoto wanapokwama. Mtu anaona nyumba si yake, kwa hiyo haina haja ya kuhangaika nayo. Mambo mazuri yatakuja akihamia kwake. Lakini mtoto hajui habari za mkataba wa pango. Kwake yeye hapo ndipo nyumbani, na usingizi wake na afya ya kifua chake vinategemea chumba anacholala leo. Nyumba ya Chanika ikikamilika baada ya miaka mitano, utoto wake utakuwa umeshapita Tabata.

Habari njema kwa mzazi ni kwamba mambo mengi yanayoiwezesha nyumba kwenda na majira hayahitaji kugusa ukuta wa mtu. Ni mambo ya pazia, shuka, mkeka, mahali pa kuweka kitanda, na dirisha lipi lifunguliwe saa ngapi.

Jua na upepo hubadilishana pande

Watu wa pwani tangu zamani wameuhesabu mwaka kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili au Mei, huvuma kutoka upande wa kusini, na ndiyo iliyoyarudisha majahazi hayo makwao. Mvua za masika huja Machi hadi Mei, na za vuli huja Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Agosti ni kipupwe, wakati hewa ya Dar es Salaam inapopoa na watu wakatafuta masweta.

Jambo ambalo wapangaji wengi hawalitazami ni jua. Kuanzia karibu katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la mchana hupita upande wa kusini wa jiji. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba hupita upande wa kaskazini. Ndiyo maana kuna dirisha linaloingiza jua Januari lakini likifika Juni halipati hata mwali mmoja.

Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, nyumba inaanza kueleweka. Wakati wa kaskazi, upepo unatoka upande wa kaskazini na jua la mchana linachoma upande wa kusini. Wakati wa kipupwe mambo yanageuka: upepo unatoka kusini na jua linaingia kwa madirisha ya kaskazini. Mashariki hupata jua la asubuhi na magharibi hupata la alasiri mwaka mzima.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa mzazi ni kusimama sebuleni na kujua kila dirisha linaangalia wapi. Kama hujui pande, simu yako ina dira, au tazama jua linakochomoza.

Chumba kinachoangalia magharibi ndicho kigumu zaidi kwa watoto wakati wa joto. Ukuta wake hupigwa na jua kuanzia saa nane mchana hadi jioni, kisha hutoa joto hilo usiku, wakati mtoto anatafuta usingizi. Kama nyumba ina vyumba viwili na kimoja kiko hivyo, wazazi na watoto wanaweza kubadilishana vyumba Desemba hadi Machi. Hakuna sheria inayosema chumba cha watoto kiwe kilekile mwaka mzima.

Kiangazi: punguza vitu

Watu wengi wakisikia kupamba nyumba wanawaza kununua. Kwa miezi ya joto, kazi kubwa ni kuondoa.

Anza na kapeti. Kapeti nene huhifadhi vumbi na kufanya chumba kionekane kizito. Lifue, likaushe vizuri, liviringishe na ulihifadhi mahali pakavu. Tandika mkeka. Mkeka wa ukili hauna joto, unafutika kwa kitambaa kibichi, na mtoto akimwaga uji hakuna kilio.

Foronya za mito ya makochi zenye manyoya au mahameli nazo ziondolewe, zivalishwe za pamba au kitenge chepesi. Mashuka ya polista yanayoteleza na kung'aa huwa mazuri dukani, lakini hayanyonyi jasho. Mtoto alale kwenye pamba, hata kama ni shuka la mtumba lililofuliwa mara nyingi. Shuka la pamba lililochakaa kidogo huwa laini kuliko jipya.

Pazia la kiangazi liwe jepesi na la rangi ya kupauka: jeupe, la maziwa, la bluu iliyofifia. Rangi hizo hurudisha sehemu ya mwanga wa jua nje, wakati rangi nzito hulinyonya joto na kulitoa ndani ya chumba. Usiwe na hofu ya gharama. Doti moja ya khanga ina vipande viwili, na hivyo vinatosha dirisha la kawaida. Kwenye mabanda ya mitumba ya Ilala na Tandika mapazia mepesi hayakosekani.

Kisha kuna ratiba. Madirisha yafunguliwe alfajiri hewa ikiwa bado imepoa. Ikifika saa tatu asubuhi, mapazia ya upande wa jua yafungwe, na upande wa upepo ubaki wazi. Jioni jua likishuka, fungua pande zote mbili ili hewa ipite kati. Chumba chenye dirisha moja tu kinahitaji mlango wake uachwe wazi. Mlangoni tundika pazia jepesi, upepo wa sebuleni uweze kuingia na heshima ya chumba ibaki.

Feni nayo ina siri yake. Haipoozi chumba, inampooza mtu kwa kukausha jasho lake. Kuiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kuchoma LUKU bure. Usiku, hewa ya nje ikiwa imepoa kuliko ya ndani, feni ya kusimama ikiwekwa karibu na dirisha na kuelekezwa ndani husaidia zaidi kuliko ikiwekwa kwenye kona. Feni ya kawaida hutumia kati ya wati 50 na 80, kiasi kidogo sana ukilinganisha na kiyoyozi.

Wapo wanaotundika kanga mbichi mbele ya feni. Kwa Dodoma, ambako hewa ni kavu, hilo linapooza kweli. Kwa Dar es Salaam au Tanga, hewa tayari imejaa unyevu, kanga haikauki na chumba kinazidi kuwa kizito.

Kwa mtoto mchanga, kiangazi si wakati wa kumfunika kwa mablanketi kwa hofu ya upepo. Alale chali, nguo moja nyepesi, bila mto wala shuka zito karibu na uso wake. Mguse kifuani au shingoni. Akiwa na jasho, punguza nguo. Na neti ibaki ikitumika. Kitanda kikisogezwa mbali na ukuta unaopigwa na jua na kuwekwa palipo na mkondo wa hewa, mtoto hatakuwa na sababu ya kuikimbia neti na kwenda kulala sakafuni.

Mwonekano wa kiangazi haudai mengi. Mtungi wa udongo wenye kifuniko kwenye kona ya sebule hupamba na hutoa maji ya baridi ya kunywa. Desemba na Januari ni miezi ya maembe na mananasi, hivyo ungo uliojaa maembe katikati ya meza unatosha kuwa pambo. Tena ni pambo linaloliwa.

Masika: adui ni unyevu

Mvua zikianza, tatizo si joto tena. Ni maji yanayoingia bila kuonekana. Nguo hazikauki, kabati linanuka uvundo, na kwenye kona za dari zinatokea doa nyeusi au za kijani. Hizo ni kuvu, na kwa mtoto mwenye pumu au anayekohoa mara kwa mara si suala la urembo. Zinaweza kumchochea kukohoa na kubanwa kifua.

Maandalizi yafanyike mwishoni mwa Februari, kabla mawingu hayajafunga. Vuta kabati na kitanda visigusane na ukuta wa nje. Nafasi ya upana wa kiganja inatosha kupitisha hewa. Magodoro yatolewe yapigwe na jua la mwisho la kiangazi. Kapeti liendelee kupumzika, maana likilowa masika halikauki.

Kuvu ikitokea, ifutwe kwa kitambaa chenye siki, iachwe muda, kisha pafutwe tena na kukaushwa. Tahadhari: siki isichanganywe kamwe na jiki, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Kama doa linarudi kila baada ya siku chache, kuna maji yanapita ukutani au kwenye paa. Hapo kazi ni ya mwenye nyumba. Piga picha, mtumie, na utunze ujumbe huo.

Nguo za ndani ya nyumba zianikwe sehemu moja karibu na dirisha lililo wazi, si kwenye viti na milango ya kila chumba. Mlangoni weka gunia safi la kufutia miguu, ndoo ya miavuli na mahali pa viatu vyenye tope. Mambo haya madogo ndiyo yanayoamua kama mama atashinda anapiga deki au atapata muda wa kukaa na wanawe.

Kwa harufu ya masika, wanawake wa pwani wana dawa ya siku nyingi: chetezo cha udi au ubani, nguo na mashuka yakifukizwa kabla ya kupangwa kabatini. Ni desturi nzuri inayoipa nyumba utulivu wake. Ila nyumba yenye mtoto wa pumu isifukizwe akiwa ndani, kwani moshi ni moshi hata ukinukia. Mbadala ni majani ya mchaichai, mrehani au vikonyo vya asumini kwenye bakuli.

Mvua huleta mbu wa aina mbili. Wapo wanaoeneza malaria, ambao huuma usiku, na neti yenye dawa ndiyo kinga kubwa dhidi yao. Wapo pia wanaoeneza homa ya dengue, ambao huuma mchana na huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama karibu na watu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Kwa hiyo vyungu vya maua vinavyopendezesha baraza vina jukumu lake: visahani vya chini yake vimwagwe maji na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki. Ndoo na madumu ya maji yafunikwe.

Hatari nyingine ya masika ni jiko la mkaa. Mvua ikinyesha, wanaopikia barazani hulivuta ndani. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Jiko likihamia ndani, liwe jikoni penye dirisha na mlango wazi, lisiingie chumbani, na lisiachwe likiwaka watu wakilala.

Baada ya hayo ndipo uje moyo wa nyumba. Masika giza huingia mapema na watoto hawatoki nje. Ni wakati wa kutoa rangi zilizochangamka: kitenge chekundu au cha manjano juu ya kochi, mto wa vipande vya nguo, taa ya mwanga wa njano badala ya ile nyeupe ya kuumiza macho. Tenga kona moja yenye mkeka, mito miwili, bao au kete, karatasi na penseli. Mtoto akiwa na mahali pake pa siku za mvua, hashindi kwenye simu ya mama.

Kipupwe: rudisha uzito

Juni ikifika, usiku wa Dar es Salaam unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 20 za sentigredi. Kwa mgeni kutoka Ulaya huo ni usiku wa kawaida, lakini mtoto aliyezoea joto la Februari anaamka amejikunyata.

Sasa kapeti linarudi sebuleni, na lile pazia zito linapata kazi yake. Kitandani kunaongezwa blanketi jepesi au shuka la kimasai, ambalo rangi yake nyekundu peke yake inakifanya chumba kionekane chenye joto. Kitanda cha mtoto kisogezwe mbali na dirisha la kusini, kwa kuwa sasa ndilo linalopokea upepo.

Meza ya kusomea ihamie upande wa kaskazini, ambako jua la kipupwe linaingia kwa upole. Likizo ya Juni mtoto atakaa hapo mwenyewe bila kuitwa.

Kusi huvuma na vumbi, hasa kwa nyumba zilizo kando ya barabara zisizo na lami. Vyavu vya madirisha na mapanga ya feni vifutwe kwa kitambaa kibichi kila wiki, vinginevyo siku feni itakapowashwa vumbi la miezi miwili litamwagika kitandani. Mezani mpangilio nao ubadilike: maembe yameondoka, machungwa yamekuja, na jioni mahindi ya kuchoma yanaliwa familia ikiwa imekaa pamoja.

Kwa wapangaji wa Njombe, Mbeya, Iringa au Arusha, kipupwe ni jambo zito zaidi. Huko ndiko familia hushawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto walale na joto. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutegemewa. Njia salama zipo: pazia la tabaka mbili linalofika chini ya dirisha, kitambaa kilichoviringishwa kuziba uwazi chini ya mlango, mkeka chini ya kapeti ili sakafu isitoe baridi, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuvikwa taulo, iwekwe kitandani kabla mtoto hajapanda na kutolewa anapolala.

Vuli na sikukuu

Vuli ni masika madogo, lakini huja joto likirudi. Oktoba ni mwezi mzuri wa kufua neti kwa sabuni ya kawaida na kuianika kivulini, kuviziba vitobo vyake, na kuanza kuondoa vitu vizito kabla ya Desemba.

Sikukuu nazo zina majira yake. Krismasi huja na joto, hivyo mapambo yawe mepesi. Ramadhani na Idi hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo kuna Idi ya kiangazi na Idi ya masika. Desturi ya kubadili mapazia na mashuka kwa ajili ya Idi ni nafasi nzuri ya kupanga nyumba kulingana na hali ya hewa ya mwaka huo, badala ya kununua kilekile cha mwaka uliopita.

Kuta si zako

Mpangaji mwenye busara hupiga picha za kila chumba siku anayokabidhiwa ufunguo: nyufa, madoa, vitasa, vyoo. Picha hizo humwokoa siku ya kuhama.

Kutoboa ukuta au kupaka rangi kuombwe ruhusa kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Baba au mama mwenye nyumba wengi hawakatai rangi safi ya chumba cha watoto ikiwa wameulizwa kwa adabu mapema. Kama mmekubaliana gharama ikatwe kwenye kodi ya miezi sita ijayo, nalo liandikwe.

Asipokubali, njia bado zipo. Kuna fimbo za pazia zinazobana katikati ya kuta mbili za dirisha bila msumari. Kamba imara hufungwa kwenye nondo za dirisha. Vibandiko vya kutundikia hubeba picha na michoro ya watoto. Stendi ya mbao ya kujisimamia huchukua nafasi ya rafu. Bustani huota kwenye ndoo na makopo: mshubiri, mchaichai, mnanaa.

Kipimo ni kimoja. Kabla ya kununua kitu, jiulize kama kitapanda kwenye kirikuu siku ya kuhama na kama kitafaa nyumba nyingine. Kikifaa, si hasara.

Watoto wapewe kazi

Siku ya kubadili nyumba iwe siku ya familia, mara nne kwa mwaka, Jumamosi moja ya asubuhi. Mdogo akusanye foronya. Mkubwa afute mapanga ya feni, kwanza likizimwa swichi ukutani. Baba ashushe mapazia na kusogeza kabati. Mama asiachiwe yote, kwani kazi ikiwa ya mtu mmoja itafanyika mwaka wa kwanza tu.

Watoto wanajifunza mengi humo. Mtoto anayejua kwamba kaskazi imeingia kwa sababu pazia la mlangoni limeanza kucheza, amejifunza jiografia bila daftari. Pia anajifunza kwamba nyumba hutunzwa na wanaoishi ndani yake, awe nani aliyeijenga.

Familia ya Tabata ililifungua lile sanduku Jumamosi moja baada ya usiku ule wa Februari. Mapazia ya Chanika yalikuwa marefu kuliko dirisha la chumba cha watoto, kwa kuwa yalikatwa kwa vipimo vya ramani. Mama aliyashika kwa muda, kisha akachukua mkasi. Vitambaa vya bibi vilivalishwa makochi, mkeka ukatandikwa, na kitanda cha watoto kikavutwa kutoka chini ya dirisha la kusini hadi mkabala na mlango, mahali upepo wa sebuleni unapopita. Kazi nzima iliisha kabla ya adhuhuri, na hakuna msumari uliopigwa.

Joto halikuisha, kwani Februari ni Februari. Lakini usiku huo mtoto wa miaka minne alilala kitandani, ndani ya neti, hadi asubuhi. Pazia la kahawia lilifuliwa, likakunjwa na kuwekwa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Litatoka Juni.